Kadi ya Matundu Mawili

Nyinyi mnaokata lenzi za miwani kwa mashine zinazoongea, nivumilieni kidogo. Ile kadi chakavu iliyobandikwa juu ya meza yangu ya zamani, ambayo mmoja wenu aliniuliza kama ni tiketi ya basi, ndiyo ninayotaka kuieleza. Ina matundu mawili ya sindano katikati, yamekaribiana kiasi kwamba ukirudi nyuma hatua mbili utadhani ni moja. Msiitupe. Nimestaafu, ndiyo, lakini bado nina miguu ya kupanda ngazi za karakana hapo Doornfontein na kuja kuwagombeza.

Ninawaandikia kwa sababu juzi nilipita hapo karakana nikamkuta mmoja wenu anampima mama mmoja umbali wa mboni. Alipima vizuri, hata nusu milimita hakukosea. Mama alipoondoka nikamuuliza kijana, yule mama ana macho ya namna gani? Akanijibu, "Sitini na mbili, Papa." Nilicheka, kisha nikakosa raha siku nzima. Jibu hilo niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, na mwanamke mmoja nusura afe.

Kabla sijafika kwa huyo mwanamke, nitaje makosa yangu madogo, msije mkadhani nilizaliwa fundi. Mteja akikukabili, kulia kwake ni kushoto kwako. Mnalijua hilo, na mimi nililijua. Hata hivyo, mwezi wangu wa kwanza hapa Johannesburg nilimwekea mlinzi mmoja wa Marshalltown lenzi ya kulia upande wa kushoto, na ya kushoto kulia. Alitembea siku nne akiruka mitaro ambayo haipo. Aliporudi wala hakugomba. Alisema alidhani miwani ya nchi hii ndivyo ilivyo, lazima uizoee kwanza. Tangu siku hiyo naweka nukta nyekundu kwenye lenzi ya kulia kabla sijagusa kitu kingine chochote, na nyinyi fanyeni hivyo hata kama mashine inawaambia haina haja.

Jingine: sikilizeni jiwe. Maji ya kupoza yakipungua, sauti ya jiwe la kusagia inakuwa kavu kabla taa ya onyo haijawaka. Nilichoma lenzi tatu za mwalimu mmoja kwa sababu nilikuwa nasikiliza mpira redioni. Na usiifute lenzi kwa shati lako, hata kama shati ni safi, hata kama ni Jumapili.

Kazi hii nilifundishwa na padri. Si huku, ni kwetu Kalemie, katika kibanda nyuma ya zahanati ya misheni. Padri Anselmi alikuwa mfupi, mwenye hasira za haraka, na vidole vyake vilikuwa vyeusi daima kwa unga wa kusagia vioo. Alitengenezea miwani masista, walimu, na wazee waliotaka kusoma vitabu vya nyimbo. Ukikosea alikuwa hakupigi wala hakutukani. Alikuvisha ile miwani uliyoiharibu, ukazunguka nayo mpaka jioni.

Siku moja alitoka kwa muuza nyama na macho mawili ya ng'ombe ndani ya sufuria ya mpishi wake. Akalikwangua moja kwa nyuma, taratibu, kwa wembe, mpaka ikabaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Akawasha mshumaa mbele ya jicho, akatuita tuje nyuma. Tukauona mshumaa pale kwenye ile ngozi, mdogo, unawaka kichwa chini miguu juu. Wenzangu wawili walitoka nje kutapika. Mpishi aliapa kwamba sufuria ile hataipikia tena, na Padri akala mihogo ya kuchoma wiki nzima.

Alituambia si yeye aliyeanza mchezo huo. Aliyeanza ni padri mwenzake, mtu wa Ulaya, zamani sana, kabla babu za babu zetu hawajazaliwa. Huyo ndiye aliyelikwangua jicho la ng'ombe akaona picha nyuma yake, na ndiye aliyechukua kadi akaitoboa matundu mawili. Shikeni jinsi inavyofanya kazi. Matundu lazima yakaribiane kuliko upana wa mboni, ili yote mawili yaingie katika jicho moja kwa pamoja. Iweke kadi karibu kabisa na jicho, tazama nukta moja ya mwanga kwa mbali. Kama jicho ni zima, au miwani uliyovaa ni sahihi, utaona nukta moja. Kama nguvu ya miwani imekosewa, utaona mbili. Haihitaji umeme, haihitaji dawa, na mteja hawezi kukudanganya kwa kuwa amekariri herufi za ukutani.

Padri yule wa kale alichunguza jua pia, kwa darubini, na akaona lina madoa. Akaenda kumweleza mkubwa wake wa shirika. Mkubwa wake, kama Padri Anselmi alivyotusimulia, akamjibu kwamba amesoma vitabu vyote vya wenye akili na hakuna palipoandikwa kuwa jua lina madoa. Kwa hiyo madoa hayo yako kwenye vioo vyake au kwenye macho yake. Sijui kama yalitokea hivyo hasa, maana mapadri nao wanapenda kunogesha hadithi. Lakini Padri Anselmi aliitumia kutufundisha. Mtu akikwambia anaona vibaya, alisema, kosa lina sehemu tatu za kukaa: kwenye kioo, kwenye jicho, au mahali pengine ambapo si kioo wala jicho. Ile ya tatu ndiyo watu wanaikimbia.

Na akaongeza jambo moja la udaktari, moja tu, kwa kuwa alijua sisi si madaktari. Mboni mbili zisipolingana, moja kubwa na nyingine ndogo, na mtu hakuwa hivyo zamani, weka rula chini umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipoyasikia hayo. Sikuwahi kuyasahau, na hiyo ndiyo aibu yangu.

Sasa Mama Sifa. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa Uvira, akikaa Berea katika chumba kimoja alichokigawa kwa pazia: huku kitanda, huku cherehani. Tulisali kanisa moja. Miwani yake ya kwanza niliitengeneza mimi, kwa karatasi ya mpimaji wa macho wa Marshalltown, nikamchagulia fremu ngumu kwa sababu alikuwa na tabia ya kuikalia. Majira ya baridi ya mwaka 2015 kwaya ilimpa kazi ya kushona sare mpya, na hapo ndipo alipokuja karakana, ameibeba miwani mkononi kama anarudisha samaki aliyeoza.

"Papa Kabwe, hii miwani yako iko inanionyesha mbili," akasema. "Sindano ziko mbili, na sijui ni ile gani itanitoboa."

Bosi wangu, Bwana Shaaban, mtu wa Tanga, alikuwa amesimama pale. Karakana yetu ilikuwa na desturi moja ambayo yeye aliipenda sana na mimi niliipenda zaidi: mteja akirudi, kosa ni letu, tunalirekebisha papo hapo, hatumpeleki kwingine. Ni desturi nzuri. Inakujengea jina. Lakini pia inakufanya uamini kwamba kila tatizo la macho duniani limetoka kwenye meza yako.

Niliiweka miwani kwenye mashine ya kusomea lenzi. Kitovu cha lenzi ya kushoto kilikuwa kimehama kidogo mno, kiasi ambacho siku nyingine nisingekijali. Nikashangilia moyoni, kosa nimelipata. Nikachukua rula nimpime upya. Na pale, uso wake ukiwa shibri moja kutoka kwangu, niliona mboni ya kushoto ni pana kuliko ya kulia.

Niliiona. Nataka mlisome hilo vizuri. Nikajiambia ni kwa sababu dirisha liko upande wake wa kulia. Nikasoma rula, nikaandika sitini na mbili, nikamtengenezea lenzi mpya.

Alirudi baada ya siku tano. Bado mbili, na sasa kichwa kinamuuma juu ya jicho la kushoto. Nikamwambia ni miwani mpya, atazoea. Kumbe nilikuwa nimechukia. Mtu amesaga vioo miaka thelathini halafu anaambiwa mara mbili kwamba kazi yake ni mbovu. Unafikiri nilikuwa natafuta ukweli? Nilikuwa natafuta heshima yangu. Nikatoa vipande vya prisma, vile vioo vyenye upande mmoja mnene vinavyosogeza picha, nikavishika mbele ya jicho lake mpaka zile picha mbili zikakutana. Kipande cha namba mbili kilitosha. Nikakiingiza kwenye miwani yake.

Prisma haiwekwi na fundi bila karatasi ya mpimaji. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Shaaban hakuwepo mchana ule, na mimi sikumwambia.

Mama Sifa aliivaa, akatazama sindano aliyokuja nayo, akapiga kigelegele mpaka mafundi viatu wa chumba cha pili wakachungulia. "Sasa iko moja! Vraiment, kweli kabisa, Papa, uko fundi." Niliondoka kazini siku hiyo nikitembea kifua mbele.

Siku sita baadaye alikuwa mlangoni tena. Safari hii alikaa tu kwenye kigoda na kushika kichwa. Nikatoa vipande vyangu. Namba mbili haikutosha, wala tatu, wala nne. Zile picha zilikutana kwenye sita.

Lenzi haikui, jamani. Ukiitengeneza leo, kesho iko vile vile, hata ukifa wewe itabaki vile vile. Kama mbili imekuwa sita ndani ya wiki moja, basi kilichokua ni kitu kingine, na kinaendelea kukua wakati mimi nachezea vioo.

Saa nane mchana umeme ukakatika, kwa zamu, kama ilivyokuwa mwaka ule. Mashine zikanyamaza zote. Nikafungua kisanduku cha skrubu na kuitoa kadi. Shaaban alikuwa ameniomba zamani niifiche, kwa sababu wateja waliiona ya kienyeji, wengine wakauliza kama ni uganga. Nilikubali haraka sana. Na mimi nilitaka nionekane wa kisasa.

"Mzee Kabwe, hiyo tena?" Shaaban akauliza.

"Hiyo tena."

Nikafunika tochi ya simu kwa kifuniko cha kopo chenye tundu moja, nikaisimamisha rafuni upande wa pili wa chumba. Mama Sifa akavaa miwani yake, akafumba jicho la kushoto, nikamwekea kadi kwenye la kulia. Unaona nukta ngapi? Moja. Tukahamia la kushoto. Ilibidi ainue kope kwa kidole, maana ilikuwa imeshuka na mimi nilidhani ni uchovu.

"Ngapi?"

"Moja."

"Una hakika?"

"Iko moja, Papa. Niape?"

"Sasa ondoa kadi. Tazama kwa macho yote mawili."

"Mbili. Ile ingine iko mbali kabisa."

"Funga jicho moja, lolote."

"Imebaki moja."

Basi. Kioo kizima, jicho la kulia zima, jicho la kushoto zima. Kila jicho peke yake lilisema kweli, ila hayakuweza tena kutazama mahali pamoja. Sehemu mbili za kwanza nilikuwa nimezimaliza, na ile ya tatu imekaa mbele yangu kwenye kigoda, imejifunga kilemba cha kijani.

Nikamshika mkono mpaka dirishani. Jua la Julai la mji huu halina joto lakini linachoma macho. Mboni yake ya kulia ikajikunja, ikawa ndogo kama punje ya ulezi. Ya kushoto haikutikisika. Ilibaki nyeusi na pana, kama ya mtu aliyeketi gizani.

"Mama Sifa, kichwa kimeanza kuuma lini?"

"Iko inauma tangu kabla ya ile prisma."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Ulisema ni miwani mpya, nitazoea."

Nilitamani sakafu inimeze. Nikamwambia twende hospitali sasa hivi. Akanitazama kwa lile jicho moja lililofunguka na kuniuliza kama nimerukwa na akili. Kwaya inavaa Jumapili, bado ana mikono kumi na minne ya kushonea. Na hospitali hataki kuisikia, kibali chake cha ukimbizi kimekwisha muda. "Kule banauliza karatasi mbele ya kuuliza ugonjwa," akasema. "Wee weka ile namba sita. Ukiiweka nitaona moja?"

"Utaona moja."

"Basi weka!"

Kile kipande cha namba sita kilikuwa mkononi mwangu. Nawaambia ukweli, nilisita. Umeme ungerudi, ningefanya kazi ya dakika arobaini, angeona moja, angepiga kigelegele, angenisifu mbele ya bosi. Kisha angeenda kufia kwenye cherehani akiwa anaona sindano moja safi.

Shaaban alinivuta pembeni. "Mzee, sisi kazi yetu vioo. Habari za vichwa vya watu hatuna leseni nazo. Ukimtia hofu akakutwa mzima, jina letu litakuwaje? Halafu hiyo prisma aliyovaa, nani alimwekea?"

"Mimi."

"Kwa karatasi ya nani?"

"Hakuna karatasi."

Shaaban ni mtu wa swala tano na mtu wa biashara, nikaona wote wawili wakigombana usoni mwake. "Na hospitali wakiuliza nani aliyefanya hivyo?"

"Nitasema ni mimi."

"Nenda naye," akasema. "Nitafunga mwenyewe."

Lakini Mama Sifa alikuwa amekwisha kusimama kuondoka, anasema atakwenda kwenye maombi Ijumaa. Hapo nikafanya jambo ambalo siwafundishi. Nilimvua miwani usoni, nikaitia mfuko wa shati langu, nikafunga kifungo. Nikamwambia ataipata hospitali, nikashuka ngazi.

"Mwizi!" Sauti yake ilijaa jengo zima. "Papa wa kanisa, mwizi!"

Bila miwani kila kitu kwake kilikuwa ukungu, tena ukungu mara mbili. Hakuwa na njia ila kunifuata. Tulipofika kwenye roboti, taa za kuongozea magari, alishika koti langu asije akagongwa na gari, na mkono huo huo ukawa unanivuta nyuma, huku ananitukana kwa lugha ya kwao ambayo nashukuru siijui. Tukapanda teksi iliyojaa abiria. Mama mmoja wa Kizulu aliyekaa mbele akageuka.

"Hawu, baba! Umemfanya nini mkeo?"

"Si mke wangu. Ni mteja wangu."

Teksi yote ikacheka. Mama Sifa naye akaendelea kunifokea, sasa kwa Kiingereza chake kidogo ili abiria wamsikie vizuri: glasses, thief, church. Watu wakazidi kucheka. Kisha tukiwa tunapanda kilima sauti yake ikakatika katikati ya neno. Akainamisha kichwa juu ya magoti, akakishika kwa mikono yote miwili, akatapika kwenye mfuko wake wa vitambaa. Alipoacha kunitukana ndipo nilipoogopa hasa. Nilimwomba aendelee. Nilimwambia, nitukane, Mama, tafadhali, nitukane.

Hospitali foleni ilitoka mlangoni na kuzunguka ukuta. Muuguzi wa dirishani alikuwa amechoka tangu asubuhi, sikumlaumu wala leo simlaumu. Akauliza barua ya kliniki, hatuna. Akauliza kibali, Mama Sifa akatazama chini. "Eish, baba," akasema, "nenda kliniki ya mtaani kesho asubuhi, wakupe barua, mrudi."

Nikamwambia, "Dada, sikuombi kitanda. Nakuomba tochi yako. Mulika jicho la kulia, halafu la kushoto. Ukiona mboni ziko sawa, tunakwenda nyumbani na hutaniona tena."

Alinitazama, akaitazama rula iliyochomoza mfukoni mwangu. Nyuma yetu watu walianza kunung'unika. Akainuka, labda ili niondoke upesi. Akainua kope ya Mama Sifa kwa kidole gumba. Akamulika kulia. Akamulika kushoto. Akarudi kulia, kisha kushoto, na mara ya tatu mkono wake ukaenda polepole sana. Akageuka akaita jina la mtu, bila kupaza sauti, na kitanda cha magurudumu kikaja kabla sijamaliza kumtajia jina la mgonjwa. Habari ya kibali hakuna aliyeiuliza tena siku ile.

Nilimrudishia miwani pale kitandani. Aliikamata kwa vidole vyote, hakuivaa.

Nilikaa kwenye benchi mpaka jua likazama. Maisha yangu yote nilipenda kujifananisha na padri yule wa kale, mtoboa kadi, mtazama jua. Pale benchini nikatambua kwamba mimi nilikuwa yule mkubwa wake, mwenye jibu mfukoni kabla hajatazama. Niliona doa kwa macho yangu nikasema ni la kwenye kioo.

Daktari alikuwa binti mdogo, pengine umri wa mwanangu. Akanieleza kwamba mshipa wa damu umevimba ndani ya kichwa na unakandamiza neva inayoliendesha jicho, ile inayoinua kope na kubana mboni. Ungeweza kupasuka saa yoyote. Wanampasua usiku huo. Kisha akauliza dalili zilianza lini, nikamwambia siku kumi na moja. Akauliza nani alimwona siku hizo kumi na moja, nani alimwekea prisma.

Nikajibu, "Fundi wa miwani."

Sikusema ni mimi. Shaaban nilimwahidi, na kinywa kikanisaliti. Yule daktari akaandika, akaondoka, na mimi nikarudi nyumbani kwa miguu kwa sababu sikutaka kukaa karibu na mtu yeyote kwenye teksi.

Mama Sifa hakufa. Kwaya iliimba Jumapili ile na sare za zamani, na kila walipopiga magoti mimi niliomba jambo moja tu. Wanawake wa Uvira walipeana zamu ya kumpelekea uji. Mimi nilikwenda mara mbili nikamkuta amelala, na nawaambieni, mara zote mbili nilishukuru kumkuta amelala.

Mvua za Oktoba zilipoanza, akapanda ngazi zetu mwenyewe. Kilemba kile kile cha kijani, na chini yake nywele zikiota upya upande mmoja. Kope ilikuwa imefunguka karibu yote. Akaweka miwani mezani.

"Hii sasa iko inanionyesha mbili," akasema.

Ilikuwa kweli. Jicho limepona, na prisma yangu ndiyo iliyobaki ikisogeza picha isiyohitaji kusogezwa. Safari hii kosa lilikuwa kwenye kioo. Nilicheka kwa furaha. Yeye hakucheka.

"Papa Kabwe, daktari aliniuliza kama yule fundi aliona kitu ile siku ya kwanza. Sikujua nimjibu nini. Uliona?"

Shaaban akazima mashine. Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa nimeyapanga miezi mitatu: dirisha, mwanga, sisi si madaktari. Nikalitazama lile dirisha, halafu nikamtazama yeye.

"Niliona," nikasema.

"Na ukaandika nini?"

"Sitini na mbili."

Niliyatamani matusi ya ngazini, yale ya kwenye teksi, hata kwa lugha nisiyoijua. Sikupata hata moja. Akainyanyua rula kutoka mezani, akaitia mkononi mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake. Kisha akavuta kigoda, akakaa akikabili mwanga.

"Basi pima tena," akasema. "Lakini hii mara uniangalie."